Transista haiwashi, au haizimi: jinsi ya kutafuta kosa kwa volti mbili

Relei hailii, taa haiwaki, mota imekaa kimya, na mkono tayari umeshika koleo kung'oa transista. Ngoja kwanza. Katika saketi ndogo ya kuwasha na kuzima mzigo, transista mara nyingi ni nzima na inafanya kile ambacho nyaya zimeiamuru. Niliwahi kubadilisha transista tatu kwenye saketi moja kabla sijagundua kwamba hasi ya chombo kilichotoa ishara haikuwa imeungwa na hasi ya betri. Zote tatu zilikuwa nzima. Tangu siku hiyo sing'oi kitu kabla ya kupima volti mbili: ile iliyo kati ya besi na emita, na ile iliyo kati ya kolekta na emita. Hiyo ndiyo miguu mitatu ya transista: besi hupokea amri, kolekta hupokea mkondo wa mzigo, na emita huutoa. Ukizijua hizo mbili, na ukajua zinapaswa kuwa ngapi, eneo la kosa hujitaja lenyewe.

Saketi tutakayoifuata

Tuchukue saketi ambayo karibu kila anayejifunza elektroniki huijenga mapema. Transista ni ya aina ya NPN, yaani hufunguka volti ya besi ikiwa juu ya ile ya emita, tuseme BC547. Emita imeungwa kwenye hasi. Kolekta imeungwa na mguu mmoja wa koili ya relei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili yake), na mguu wa pili wa koili uko kwenye chanya ya volti 12. Ishara ya volti 5 kutoka kwenye mikrokontrola (chipu inayoendeshwa na programu) inapita kwenye rizista ya kilo-omu 1 kabla ya kufika kwenye besi. Dayodi, kipuri kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, kwa mfano 1N4007, imelala sambamba na koili huku upande wenye mstari ukiwa umeelekea chanya.

Fanya hesabu kabla ya kushika mita, maana kipimo kisicho na tarakimu ya kulinganisha nacho hakikuambii kitu. Koili ya omu 400 kwenye volti 12 inavuta miliampia 30. Ili transista ishibe, yaani ifunguke kabisa kama swichi, besi ipewe takriban sehemu moja ya kumi ya mkondo wa kolekta: hapa ni miliampia 3. Besi yenyewe hula kama volti 0.7, kwa hiyo kwenye rizista zinabaki volti 4.3. Gawanya 4.3 kwa kilo-omu 1, unapata miliampia 4.3. Inatosha na kubaki.

Mtu atauliza: kama transista inakuza mkondo mara 200, kwa nini tuhesabu kwa mara 10 tu? Kwa sababu ukuzaji huo ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji ni wa transista ambayo haijashiba, na unatofautiana sana kati ya moja na nyingine. BC547A iko kati ya 110 na 220. BC547C iko kati ya 420 na 800. Saketi inayotegemea ukuzaji huo itafanya kazi kwa transista uliyonunua leo na kukataa kwa utakayonunua kesho.

Sasa andika kwenye karatasi unachotarajia. Ishara ikiwapo: besi kwa emita volti 0.7 hivi, kolekta kwa emita kati ya 0.05 na 0.2, na kwenye koili karibu volti zote 12. Ishara isipokuwapo: besi sifuri, kolekta volti 12, koili sifuri.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kupima

Zima umeme. Soma namba iliyo kwenye transista, kisha tafuta mpangilio wa miguu ya namba hiyohiyo, ya mtengenezaji huyohuyo ikiwezekana. Hapa ndipo watu wengi huangukia. BC547, ukiielekeza bapa lake kwako na miguu chini, miguu yake kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904, yenye umbo lilelile, ni emita, besi, kolekta. PN2222A nayo ni emita, besi, kolekta, lakini ndugu yake P2N2222A imegeuzwa: kolekta, besi, emita. Herufi moja tu mbele ya jina, na saketi yote inakwenda kombo. Transista kubwa kama TIP31 na TIP120 zina besi, kolekta, emita, na kile kibati cha kupozea kimeungana na kolekta, kwa hiyo kisiguse chuma kingine.

Angalia rangi za rizista. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni kilo-omu 1. Kahawia, nyeusi, machungwa ni kilo-omu 10. Kahawia, nyeusi, njano ni kilo-omu 100. Chini ya taa hafifu nyekundu na machungwa hufanana, kwa hiyo nikisita hata kidogo naitoa rizista na kuipima.

Kama umejengea kwenye bredibodi, ile bodi ya matundu isiyohitaji lehemu, kumbuka kwamba njia ndefu za umeme za pembeni kwenye baadhi ya bodi hukatika katikati. Nusu ya bodi ina umeme, nusu nyingine haina, na kwa macho huwezi kujua. Kwenye bodi iliyolehemiwa, tafuta lehemu iliyopauka au yenye mkunjo kuzunguka mguu. Mara nyingi hiyo imegusa tu bila kushika.

Hatua ya pili: hasi na chanya

Washa umeme. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iweke kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, kisha gusa kwa ncha nyekundu mguu wa emita. Gusa mguu wenyewe wa transista, si tundu la bodi wala waya unaokwenda huko. Lazima usome sifuri au milivolti chache. Ukiona volti 4 na kitu wakati ishara ipo, emita haijafika kwenye hasi: waya umekatika au lehemu haijashika.

Kisha gusa hasi ya chombo kinachotoa ishara. Hapo pia iwe sifuri. Hili ndilo kosa lililonifanya nibadilishe transista tatu. Ukiipima ishara kwa hasi yake yenyewe unaona volti 5 safi na unaridhika. Ukiipima kutoka kwenye emita ya transista unaona sifuri au tarakimu isiyotulia. Mkondo hauendi mahali ambapo hauna njia ya kurudi. Vyanzo viwili vya umeme vinaweza kuwa na chanya tofauti, lakini kwa saketi hii hasi zao ziungane.

Mwisho, ncha nyekundu kwenye mguu wa koili ulio upande wa chanya. Kama hapo hakuna volti 12, tatizo liko kwenye betri, fyuzi au waya, na transista haihusiki.

Hatua ya tatu: volti mbili

Ncha nyeusi sasa ikae kwenye mguu wa emita. Iwashe ishara. Pima besi, kisha kolekta. Zisome kwa pamoja, kwa sababu moja peke yake hudanganya.

Besi 0.7, kolekta 0.1 au 0.2. Transista imeshiba, imefanya kazi yake yote. Kama mzigo bado umelala, acha kuitazama transista. Pima volti moja kwa moja kwenye miguu ya koili: zikiwapo 12 na relei hailii, koili imekatika au relei imekwama. Kama kwenye koili hakuna volti wakati kolekta iko chini, basi njia kati ya chanya na koili, au kati ya koili na kolekta, ndiyo iliyokatika. Hakuna umeme unaofika kwenye kolekta, ndiyo maana unaona sifuri. Hiki ndicho kipimo kinachowapotosha wengi: kolekta iliyo karibu na sifuri inaweza kumaanisha transista iliyoshiba, au mzigo uliokatika.

Besi sifuri, kolekta 12. Amri haijafika. Rudi nyuma ukifuata njia: pima upande wa pili wa rizista. Kama kuna volti 5 upande mmoja na sifuri kwenye besi, rizista imekatika, au haijagusana na besi, au besi imepiga shoti na emita. Ili kuzitofautisha pima volti kwenye miguu miwili ya rizista ya besi. Zikiwa volti 5 zote kwenye miguu yenyewe na rizista ni nzima, mkondo unapita na kumezwa kwenye besi iliyopiga shoti. Kama upande wa ishara nao ni sifuri, tatizo ni la mikrokontrola: pini si ile, au programu haijaiweka pini kuwa ya kutoa.

Besi zaidi ya volti 1. Kwa transista ya kawaida ya silikoni, njia kutoka besi hadi emita imekatika ndani, au emita haijafika kwenye hasi kama tulivyoona, au namba ya transista ni ya Dalingtoni. TIP120 ni transista mbili ndani ya ganda moja, kwa hiyo besi yake husoma volti 1.2 na kuendelea, na hilo ni sawa kwake. Pia haishuki hadi 0.1 kwenye kolekta. Inabaki na volti moja hivi, na ikibeba mkondo mkubwa inapanda zaidi. Anayeitumia kuendesha mota ya volti 3 anashangaa mota kuwa dhaifu, kumbe sehemu kubwa ya umeme inabaki kwenye transista.

Besi 0.7, kolekta 12, koili sifuri. Besi inapokea mkondo lakini kolekta haivuti. Kama volti 12 umezisoma kwenye mguu wa kolekta wenyewe, mguu huo umeungana na koili, kwa hiyo kolekta imekatika ndani. Hapa ndipo kwa mara ya kwanza naweza kuishuku transista yenyewe.

Besi 0.7, kolekta mahali fulani katikati: 2, 4, 8. Hali hii inastahili kukaa nayo, kwa sababu ndiyo inayounguza vitu taratibu.

Kolekta iliyokaa katikati

Transista iliyo katikati haijafunga wala haijafunguka. Imegeuka rizista na inakula umeme. Sababu ya kwanza ni besi kupewa mkondo mdogo. Tuseme aliyejenga aliweka kilo-omu 22 badala ya 1. Mkondo wa besi unakuwa 4.3 gawanya kwa 22, yaani karibu miliampia 0.195. Kwa BC547A yenye ukuzaji wa 110, kolekta itavuta miliampia 21.5 tu. Koili inapata volti 8.6 na kolekta inabaki na 3.4. Relei nyingi za volti 12 huhitaji takriban volti 9 ili zivute, kwa hiyo hii itakaa kimya, au itavuta leo na kugoma kesho. Weka BC547C mahali pale pale, inavuta bila shida. Fundi anahitimisha kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu, rizista ndiyo ilikuwa kubwa mno.

Huna haja ya kukata waya ili kupima mkondo wa besi. Pima volti kwenye miguu miwili ya rizista ya besi, gawanya kwa omu zake. Fanya hivyohivyo kwa mzigo ambao unajua ukinzani wake. Kisha gawanya mkondo wa kolekta kwa mkondo wa besi. Jibu likizidi 20 au 30, punguza rizista ya besi, ila usipitishe kiwango ambacho pini ya mikrokontrola inaruhusiwa kutoa.

Sababu ya pili ni mzigo kuvuta kuliko ulivyodhani. Mota inapoanza kuzunguka, au inapozuiwa, huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na taa ya utambi ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana kuliko ikiwaka. BC547 mwisho wake ni miliampia 100. Kwa mota ndogo ya miliampia 300, BC337 inafaa zaidi kwani inabeba hadi 800. Lakini hata hiyo ikibaki na volti 4 kwenye kolekta, itageuza wati 1.2 kuwa joto, na ganda lile dogo la plastiki huvumilia kama wati 0.6 tu. Ikishiba na kubaki na volti 0.2, joto ni wati 0.06. Ndiyo maana ikikuunguza kidole, pima kolekta kabla ya kutafuta kibati cha kupozea.

Ya tatu: emita na kolekta zimebadilishana nafasi. Transista iliyogeuzwa haifi papo hapo, nayo hilo ndilo linalopoteza watu. Inafanya kazi vibaya, ukuzaji wake ukiwa mdogo sana. Zaidi ya hayo, njia ya emita na besi ikipewa volti kinyume huvunjika kuanzia kama volti 6, kwa hiyo kwenye umeme wa volti 12 mzigo unaweza kupata umeme kidogo hata ishara ikiwa imezimwa. Mzigo usiowaka vizuri na usiozima vizuri unanifanya nirudi kwenye mpangilio wa miguu mara moja.

Ya nne: mzigo umewekwa upande wa emita, kati ya emita na hasi. Hapo emita haiwezi kupanda zaidi ya volti ya besi ukitoa 0.7. Ishara ya volti 5 inaipa koili volti 4.3 hivi, hata betri iwe ya 12. Hakuna transista utakayobadilisha itakayoponya hilo. Hamishia mzigo kwenye kolekta.

Inapokataa kuzima

Ondoa ishara. Kama mzigo unaendelea, chukua kipande cha waya na uunganishe besi na emita. Kwa transista ya kawaida yenye rizista kwenye besi, jaribio hili ni salama. Usikosee tu ukagusa kolekta. Kama mzigo unazima, transista ni nzima na kuna kitu kinaivujishia besi mkondo. Kama hauzimi na kolekta iko karibu na sifuri, njia ya kolekta na emita imepiga shoti. Hii ndiyo namna ambayo transista nyingi hufa.

Kama relei inalia inapozima lakini kifaa kinachoendeshwa nayo kinabaki na umeme, transista haina kosa. Ncha za ndani ya relei zimegandana.

Besi inayovujishiwa mara nyingi ni besi isiyo na pa kutulia. Mikrokontrola inapowashwa, pini zake huwa hazijaamriwa kitu kwa muda mfupi, na besi inaelea. Weka rizista ya kilo-omu 10 kati ya besi na emita. Ishara ikiwapo inakula miliampia 0.07 tu, na ishara isipokuwapo inaishusha besi hadi sifuri.

Kuna kesi moja nyingine inayojirudia: transista ya PNP (kinyume cha NPN: hufunguka besi ikishushwa chini ya emita) iliyowekwa upande wa chanya ya volti 12 na kuendeshwa na pini ya volti 5. Haitazima kamwe. Ili izime, besi yake inatakiwa ipande hadi karibu na 12, na pini inafika 5 tu. Kibaya zaidi, mkondo unapita kutoka kwenye besi kuingia kwenye pini na unaweza kuiua mikrokontrola. Tia NPN ndogo katikati iwe ndiyo inayoshusha besi ya PNP, na rizista nyingine kutoka besi ya PNP kwenda chanya yake.

Dayodi, chanzo cha vifo vinavyorudi

Kama transista inakufa tena baada ya kubadilishwa, tazama dayodi. Koili inapokatiwa mkondo ghafla hupandisha volti ambazo zinaweza kufika mamia, wakati BC547 inavumilia 45. Bila dayodi inaweza kuishi kwa wiki, kisha siku moja ikabaki shoti. Dalili nyingine ya mapema ni mikrokontrola kujiwasha upya kila relei inapozima.

Dayodi iliyogeuzwa ina alama yake: ishara ikija, kwenye koili kuna volti 1 tu na kolekta iko juu ya 10. Dayodi imekuwa njia ya mkato. BC547 yenye miliampia 4.3 kwenye besi itajaribu kuvuta mamia ya miliampia huku ikiwa na zaidi ya volti 10 juu yake. Ni wati kadhaa, na inaungua ndani ya sekunde. Zima haraka.

Ukishaishuku transista yenyewe

Itoe sasa. Ikiwa bado kwenye bodi, vipuri vilivyo sambamba nayo huharibu kipimo. Weka mita ya dijitali kwenye alama ya dayodi. Kwa NPN, ncha nyekundu kwenye besi na nyeusi kwenye kolekta: soma kati ya 0.5 na 0.7. Hamishia nyeusi kwenye emita: tarakimu ileile au kubwa kwa milivolti chache. Geuza ncha: hakuna kitu, yaani mkondo haupiti na mita inabaki kama ncha hazijagusa chochote. Kati ya kolekta na emita, pande zote mbili: hakuna kitu. Ukisoma sifuri popote, ni shoti. Ile tofauti ya milivolti chache ina faida yake: mguu wenye tarakimu kubwa zaidi ndio emita, na hivyo unaweza kutambua miguu ya transista ambayo namba yake imefutika. Kwa mita ya mshale, kumbuka kwamba kwenye omu ncha nyeusi ndiyo chanya kwa mita nyingi.

Ikiwa ni mosfeti

Mosfeti ni aina nyingine ya transista, na miguu yake ni geti (mahali pa besi), sosi (mahali pa emita) na dreni (mahali pa kolekta). Haili mkondo kwenye geti, inataka volti. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni volti kati ya geti na sosi, na swali ni moja: je, zinaifungua hii kikamilifu? IRF540 huanza kufunguka kati ya volti 2 na 4, lakini ukinzani wake mdogo unaotangazwa umepimwa kwa volti 10. Kwa pini ya volti 5 itafunguka nusu na kupata joto, kwa 3.3 huenda isiamke. IRLZ44N imetengenezwa kwa volti 5. Geti pia hushika chaji kama kapasita, kwa hiyo bila rizista ya kuishusha mzigo unaweza kubaki umewaka baada ya waya wa ishara kuchomolewa. Ukiipima ikiwa nje, utaona dayodi kati ya sosi na dreni. Hiyo ni sehemu yake, si kosa.

Baada ya kurekebisha

Rudia vipimo vile vile ulivyoviandika mwanzo, kisha uiache iendeshe mzigo wake halisi kwa dakika 10. Pima kolekta tena ikiwa ya moto: iwe haijapanda. Zima, washa, mara 20 mfululizo, halafu gusa ganda la transista. Kwa relei ya miliampia 30 haipaswi kuwa na joto unaloweza kulihisi.